Tangawizi: Neema Iliyo Chini ya Kivuli cha Mwembe



Ndugu zangu katika imani, Mwenyezi Mungu ameitaja tangawizi katika Suratul Insan, aya ya 17, kuwa ni mchanganyiko wa kinywaji cha watu wa Peponi. Nasi watu wa pwani tumeipenda tangu zamani. Imo katika kahawa yetu, katika chai na katika pilau. Hata hivyo, wachache wetu huipanda, ilhali haihitaji shamba. Kivuli chepesi cha mwembe au mnazi chatosha, au gunia lililojazwa udongo uani.

Chagua sokoni tangawizi iliyonona, yenye macho. Ikate vipande vya urefu wa kidole gumba, kila kimoja kiwe na jicho moja au mawili, uviache siku mbili mikato ikauke. Masika yakianza, vifukie kwa kina cha sentimita 5, macho yakielekea juu, ukiachanisha kwa sentimita 25. Udongo uwe tifutifu, uliochanganywa na samadi iliyooza, na juu yake utandaze majani makavu. Maji yasituame, kwani huiozesha. Baada ya miezi 8 hadi 10 majani hugeuka manjano na kunyauka. Hapo chimba, ubakishe vipande vichache vya kuchipua mvua zijazo.

Shangazi yangu alikuwa hodari wa kilimo hiki. Siku moja aliniambia ameviacha vidonge vyake vya presha, sasa anakunywa maji ya tangawizi tu. "Si imetajwa katika Qur'ani, mwanangu?" aliniuliza. Nami, kwa kuona haya kumpinga aliye mahali pa mzazi, nikanyamaza. Miezi michache baadaye alipooza upande wa kulia. Yu hai, alhamdulillahi, lakini mkono uliokuwa ukipanda haushiki tena jembe. Kunyamaza kwangu kunaniuma hadi leo.

Kutajwa kwa tangawizi katika Kitabu ni utukufu wake, wala si amri ya kuacha dawa za daktari. Yasaidia kutuliza kichefuchefu, na kikombe cha moto huliwaza koo wakati wa mafua. Lakini haichukui nafasi ya vidonge vya presha wala vya sukari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayesubiri kupasuliwa, asiinywe kwa wingi kabla ya kumuuliza daktari. Mama mjamzito naye amuulize mkunga kiasi kinachomfaa.

Basi pandeni, enyi mama zetu, mtumie na mgawie majirani. Na mwendapo hospitali, msifiche mnachokunywa nyumbani. Mwili ni amana, nasi tutaulizwa juu yake.

Wabillahi tawfiq.