Wazee na Watoto Wenye Kilema

Wengi wenu mnamjua mtoto asiyetoka nje. Wenzake wakienda masomoni au kuteka maji, yeye analala kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Hatembei, au hasemi, au anaanguka kifafa. Mama yake anakwenda shambani asubuhi na kurudi jua linaposhuka. Na katika kijiji kile kile yuko mzee aliyekwisha kuacha jembe. Anaketi chini ya mti na kusema, "Mimi sina kazi tena." Somo hili ni juu ya watu hao wawili.

Kwanza tuondoe maneno ya uongo. Watu huuliza, "Nani amemloga?" Wengine wanamwita mtoto mwenyewe mchawi. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza juu ya yule kipofu katika Yohana 9, kwamba ni dhambi ya nani, naye Bwana akajibu kwamba si yake wala ya wazazi wake. Someni tena habari za Mefiboshethi katika 2 Samweli 4. Alikuwa na miaka mitano. Mlezi wake alimbeba akikimbia, mtoto akaanguka, akawa kiwete miguu yote miwili. Hakuna uchawi hapo. Alianguka. (Sisi tuliokimbia vita na watoto mgongoni tunaelewa habari hiyo upesi.) Na leo sababu nyingi zinajulikana: mtoto alikosa pumzi wakati wa kuzaliwa, au malaria ilipanda kichwani, au alipata meninjiti. Ubongo uliumia. Kilema hiki hakiambukizi. Tena sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na anayefanya hivyo anaweza kufungwa.

Sasa nitawaambia kosa langu. Miaka sita iliyopita mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka minne asiyeweza kuketi. Nilimtazama, nikasema, "Mama, ugonjwa huu hauna dawa," nikaita mgonjwa mwingine. Neno lile lilikuwa kweli, lakini nililisema kama kwamba kazi imekwisha. Mama alimfunga mtoto mgongoni akaenda zake. Nilipomwona tena mtoto, amekonda sana. Alikuwa akilishwa amelala chali, chakula kinampalia, na mama aliogopa kumpa zaidi.

Aliyemsaidia si mimi. Ni mzee jirani yao, msuka vikapu, aliyefiwa na mkewe. Alichimba shimo dogo karibu na ukuta, akatandika nguo kuukuu, akamketisha mtoto humo, miguu imekunjwa, udongo umemshika mbavuni. Mtoto akainua kichwa, akaona kuku wanapita, akacheka. Tangu siku ile mzee alikuja kila asubuhi akisuka vikapu kando yake, akimpa vipande vya mianzi avishike. Ilichukua miezi mingi mpaka mkono wa kuume ukajua kuleta kijiko kinywani, na uji mwingi bado uliishia kifuani. Hatembei hata leo. Lakini anakula, amenenepa, na anawaita watu wapitao kwa majina yao.

Je, mzee yule alikuwa na nini ambacho mimi sikuwa nacho? Alikuwa na wakati. Mtoto aliyeumia ubongo hujifunza kwa kurudia jambo moja mara mia, na mwuguzi mwenye wagonjwa wengi mlangoni hawezi kukaa naye hivyo. Mama naye ana watoto wengine. Hata Naomi, katika uzee wake, bila mume wala wana, alimweka mtoto wa Ruthu kifuani akawa mlezi wake. Huko Marekani serikali ilianzisha kazi ya namna hii mwaka 1965: wazee maskini wenye miaka 60 na zaidi walipewa fedha kidogo wakae na watoto wenye mahitaji ya pekee. Kazi ile inaendelea, na sasa inaanzia miaka 55. Sisi hatuna fedha hizo. Mti na mkeka tunavyo.

Ukitaka kuanza, zungumza kwanza na mama, kwa maana mtoto ni wake. Kaeni mahali pa wazi ambapo watu wanapita, si ndani ya nyumba iliyofungwa. Hivyo mtoto analindwa, na jina lako pia. Chagua siku utakazoweza kuja, uje siku hizo. Anayekuja mara moja na bonbon, kisha asionekane tena, afadhali akae kwake.

Fundisha jambo dogo. Ukimvika shati, fanya yote wewe, umwachie avute mara ya mwisho tu. Akiweza, mwachie zaidi. Ukimlisha, aketi wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, chakula kiwe laini, nawe ungoje ameze. Kwa mtoto asiyesikia, mguse bega, uso wako uwe kwenye mwanga, na useme kwa mikono pia.

Akianguka kifafa, ondoa kuni na mawe, mlaze ubavu, usimtie kitu chochote kinywani wala kumshika kwa nguvu. Povu lake haliambukizi, msimkimbie! Ikipita dakika 5 hajatulia, mleteni hospitali. Na dawa ya kifafa isiachwe kwa ghafula, hata kama haanguki tena. Wengi wamerudi kwetu katika hali mbaya kwa sababu hiyo.

Mzee naye aangalie mwili wake. Asimwinue peke yake mtoto mzito. Akiwa amekohoa majuma mawili au zaidi, aje kwanza tupime makohozi, asije akampa mtoto kifua kikuu.

Wazee wengine wananiambia, "Sisi hatukusoma." Msuka vikapu yule hajui kusoma hata jina lake. Juma lililopita alikuja kuniuliza kama mtoto anaweza kufundishwa kuloweka mianzi majini na kuitoa ikilainika. Nilimwambia ajaribu, nami nitapita Jumanne kuona.