Mayai 180 na Sura Moja

Wasee wangu, ile klipu ya chali amedondoka kwa mtaro Mbarara na trei sita za mayai, huyo chali ni mimi. Nimekaa kimya muda mrefu. Leo nabonga, ju kuna kitu ndani ya hiyo klipu wengi wenu hamkucheki, na kimeniuma kuliko mayai.

Mimi ni msee wa rolex huku Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Chapo moto, mayai mawili, nyanya, kitunguu, kabichi kidogo, nakukunjia unaishia. Mayai nanunua Mbarara, ju huko unapata trei na bei ya jumla. Nikimaliza nadandia gari ya Isingiro, nashukia Kabingo, halafu boda inanimalizia ile barabara ya vumbi mpaka kambini. Mashimo ya hiyo njia nayajua moja moja.

Hiyo siku mvua ilikuwa imemwaga tangu asubuhi. Nilikuwa na jirani yangu, fathe flani wa Kongo, fundi wa nguo, alikuwa amekuja kununua nyuzi na zipu. Tumeshuka kwa boda karibu na steji, trei nimezifunga tatu tatu na kamba ya katani, mkono huu na mkono huu. Nikakanyaga kifuniko cha mtaro kimejaa tope. Mguu ukaenda. Nikapiga chini na kifua, trei zikapaa.

Kitu ya kwanza nilisikia ni kicheko. Ya pili ni msee akipiga nduru, "Shuti, shuti!" Simu zilikuwa juu kabla nipate pumzi. Ute wa mayai unanichuruzika kwa shingo, goti linavuja damu, na hakuna mkono hata mmoja umenyooshwa, ju mikono yote iko bize. Fathe ndiye alitupa mfuko wake wa nyuzi kwa matope akaniinamia. Akanishika kwapa, akaniambia na ile Kiswahili yao ya Kivu: "Simama kwanza, mutoto yangu. Mayai tutaona nyuma." Akaanza kuokota yale hayajavunjika. Kati ya 180 tulitoa 11.

Klipu yenyewe ni sekunde 19. Nimeicheki mara mob sana, mpaka naijua kuliko wimbo. Sekunde ya kwanza mpaka ya nne naanguka. Halafu msee wa simu anasongea, na kwa sekunde ya 12 fathe anageuka kuangalia ni nani anacheka. Sura yote iko hapo, wazi, mwanga poa, mpaka kovu iko kwa nyusi unaiona.

Jioni nikifika Base Camp klipu ilikuwa imenitangulia. Wamepachika muziki, wameweka maneno, inapita kwa magrupu ya WhatsApp na TikTok. Facebook ndiyo ilizimwa Uganda tangu Januari 2021, wakati wa kura, lakini wasee wa VPN wakaipeleka hadi huko. Watoto wakaanza kuniita Mayai. Hiyo ningebeba. Jina la mtaa linakuja linaisha, na wateja waliongezeka siku mbili tatu. Kitu haikuisha ni ya fathe.

Huyo mzee hapigwi picha. Tumekaa jirani miaka, harusi tumeenda, matanga tumeenda, kila mara kamera ikitoka yeye anasogea nyuma ya mti. Sikuwahi kumuuliza. Nakivale huulizi. Hii kambi iko tangu 1958, imepokea Warwanda, Warundi, Wakongo, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, na kila keja iko na story yake ya usiku wa kuhepa. Kuna watu hapa walihepa vita kwa jumla. Na kuna watu walihepa mtu, mtu mwenye jina, mwenye bado yuko hai, mwenye bado ana simu.

Fathe ni wa hao wa pili. Aliniambia siku tatu baada ya klipu, kwa sauti ya chini, cherehani imefunikwa na kitambaa. Namba ya ng'ambo ya mpaka ilikuwa imemtumia mtu wa familia yake hiyo video, na swali moja tu: huyu si yeye? Akafunga kibanda. Akalala kwa watu wengine, kijiji kingine upande wa Juru, wiki tano. Watoto wake hawakuenda shule hizo wiki zote. Hiyo ndiyo bei ya kunisaidia kusimama.

Nimewaza sana kuhusu hii kitu. Mwandishi wa habari akitaka kuingia Nakivale na kamera, lazima apate barua ya OPM, ofisi ya waziri mkuu, ju serikali inajua sura ya mkimbizi si kitu ya kuchezea. Uganda iko na sheria ya kulinda data za mtu tangu 2019. Lakini msee na simu kwa steji hakuna mwenye anamuuliza barua, na sura ni data kama namba ya kitambulisho.

Na usidhani ni Mbarara pekee. Mei 2016 kule Bungoma, Kenya, jamaa alidandia chopa iliyokuwa imebeba mwili wa mfanyabiashara Jacob Juma, ikapaa naye ananing'inia, akaanguka. Nchi nzima ikamwita James Bond, picha za kuchekesha zikamwagika akiwa bado kitanda ya hospitali. Agosti 2017 ikawa zamu ya yule wa githeri, alipigwa picha kwa laini ya kura Nairobi akimanga kwa juala. Huyo angalau alipewa mpaka heshima ya rais mwaka huo huo. Hakuna kati yao aliulizwa kwanza. Sisi wote tulicheka, mimi pia niliforwadi ile ya chopa, na sikuwaza hata sekunde kuhusu mgongo wake ulivyopiga chini.

Nilimtafuta msee alishuti ya kwangu. Ni kijana wa steji, hana ubaya. Nilimweleza yote isipokuwa jina la fathe na pahali analala. Akatoa kofia, akanyamaza, akafuta hiyo klipu mbele yangu. Lakini yake ilikuwa moja tu. Zingine ziko kwa simu za watu siwajui.

Fathe amerudi sasa. Cherehani inalia asubuhi, ila amegeuza meza, anakaa mgongo kwa barabara. Mteja akifika lazima abishe hodi kwanza ndio ageuke.

Kwa hivyo msee wangu, dada yangu, nakuomba kitu moja. Fungua simu yako sai, ingia kwa grupu, ingia kwa galari ya video. Ukipata ya mayai ya Mbarara, sekunde 19, ifute. Na mwenye alikutumia, mwambie naye aifute.