Tunawaandikia Wamarekani, zetu tunanakili saiba

Ukitaka kujua utafiti wa vyuo vyetu unavyofanywa, wiki ya mwisho ya semesta ingia duka lolote la kuchapisha hapa Shieywe ukae kwenye benchi nusu saa. Mimi nilienda kutoa fotokopi ya kitambulisho tu. Mbele yangu kulikuwa na jamaa wa mwaka wa kwanza, begi mgongoni, jasho usoni. Akamwambia dada wa kompyuta: "Siz, ile kazi ya rafiki yangu ya juzi bado iko? Badilisha jina na namba ya usajili, hiyo ingine iache hivyo."

Dada akauliza, "Na tarehe?"

Jamaa akafikiria kidogo. "Na tarehe pia."

Kurasa 12 zikatoka, zikabanwa, zikavalishwa kava ya plastiki. Dakika tano hivi, utafiti umekamilika. Nilitaka kucheka lakini nikajizuia, maana kwa dhambi hii mimi si wa kurusha jiwe.

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nalala mchana na kuamka usiku, nikiwaandikia wanafunzi wa Marekani kazi zao za chuo. Kama umekaa Kakamega, Eldoret, Thika au Roysambu unaijua hii kazi. Unakodisha akaunti ya mtu, unapewa oda, unalipwa kwa ukurasa na mwenye akaunti anakata yake. Saa sita usiku ya New York ni saa moja au saa mbili asubuhi kwetu, kulingana na msimu wao, kwa hivyo jua la Kakamega lilikuwa linanikuta bado napanga marejeleo. Niliandika kuhusu uuguzi, kuhusu Shakespeare, kuhusu maji ya California. Sijawahi kufika California, lakini nikikuta mtu wa huko naweza kumweleza ugomvi wao wa maji mpaka akahisi ni yeye mgeni.

Wakati huo huo nilikuwa na kazi zangu mwenyewe za kuwasilisha chuoni. Hizo nilinakili. Usiniulize ni chuo gani, niliacha mwaka wa pili. Karo iliisha, usingizi nao ukaisha.

Siko peke yangu. Mwaka wa 2019 gazeti la New York Times liliandika kuhusu Wakenya wanaoishi kwa kazi hii. Mwaka wa 2024 ikatoka filamu inaitwa The Shadow Scholars, inayomfuata Patricia Kingori, mzaliwa wa Kenya ambaye ni profesa Oxford, akiwatafuta vijana kama sisi. Uingereza nayo ilipitisha sheria mwaka wa 2022 kufanya biashara ya kuuza insha za wanafunzi kuwa kosa la jinai. Kisha Novemba mwaka huo huo ikaja ChatGPT, na oda zikaanza kukauka kama mto wa Januari.

Sasa nisaidie hapo. Kijana huyu huyu anayeweza kukaa usiku kucha akisoma makala kumi, akizilinganisha, akaandika kurasa nane za Kiingereza safi zikapata alama nzuri ng'ambo, ni yule yule anayemwambia siz wa saiba abadilishe tarehe. Usiniambie hajui kuandika utafiti. Anajua. Ile ya Mmarekani ina mtu anayeisubiri na ikiwa mbaya inarudishwa. Ile yake inasomwa na mtu mmoja, tena kama atapata muda. Mhadhiri wa Mbinu za Mawasiliano, lile somo la lazima la mwaka wa kwanza, anaweza kuwa na darasa la mamia. Ataweka alama ya kalamu nyekundu, rundo litaingia stoo, na siku moja utakutana na ukurasa wako wa tatu sokoni umefungiwa njugu.

Ndiyo maana nimekuwa nikiwasumbua walimu ninaowajua na wazo moja: wanafunzi waandike utafiti wao kwenye blogu. Najua neno blogu linanuka umbea. Mji wetu wenyewe ulipata sifa mtandaoni kwa zile picha za wapenzi wa Muliro Gardens, si kwa utafiti. Lakini ngoja nikueleze yaliyonipata.

Nilipoacha chuo nilifungua blogu ya bure kwa simu. Mwanzo ilikuwa muziki na mechi za Bukhungu. Siku moja nikaandika kuhusu Rosterman, ule mgodi wa zamani wa dhahabu hapa karibu na mji. Niliandika kwa kujiamini sana, kama mtu aliyezoea kulipwa kwa ukurasa. Nikasema ulifungwa Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, Wazungu walipoondoka. Ilionekana ina maana, si ndiyo?

Baada ya siku mbili mzee mmoja, msomaji nisiyemjua, akaandika chini yake: "Kijana, mulembe. Mgodi ulifungwa 1952. Uliambiwa na nani hii ya 1963?"

Uliambiwa na nani. Wahadhiri wangu walikuwa wameniuliza swali hilo kwa maneno makubwa kuhusu vyanzo na mtindo wa APA, na halikuwahi kunichoma. Hili lilinichoma, kwa sababu lilikuwa hadharani, chini ya jina langu, na jirani zangu walikuwa wanasoma. Jibu la kweli lilikuwa "hakuna". Nilijitungia.

Nikaanza kutafuta. Mzee alikuwa sahihi, ni 1952. Na nikiwa huko ndani nikakuta mambo ambayo hakuna mtu aliwahi kunifundisha shuleni. Dhahabu ya Kakamega ilizua mbio mwaka wa 1931, baada ya Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, kuipata. Mwaka mmoja tu kabla, sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya maeneo yao ikichukuliwa watapewa nyingine badala yake, na baraza lao la wenyeji litaulizwa kwanza. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha: kwa uchimbaji madini, fidia ya pesa inatosha, na baraza si lazima liulizwe. Februari 1933 wabunge wa Uingereza wakabishana kuhusu Kakamega kule London. Kumbukumbu za mjadala huo ziko mtandaoni bure. Nilizisoma kwa simu nikiwa nimekaa nje ya kibanda cha chai, mandazi mkononi, nikiona jina la mji wetu likitajwa na watu wengi ambao hawakuwahi kukanyaga hapa.

Na hii si historia ya kupamba ukuta. Kampuni ya Shanta Gold imetafuta dhahabu Isulu na Bushiangala, kule Ikolomani, na swali la nani atahama na atalipwa nini liko mezani leo. Mwanafunzi anayetoka Ikolomani, anayeweza kuweka sheria ya 1932 kando ya mazungumzo ya fidia ya sasa, ana kazi ya utafiti yenye wasomaji wanaoihitaji kabla hata hajaianza.

Kwa hivyo nilirekebisha makala yangu. Sikufuta kosa; niliandika juu kwamba nilikosea, nikaonyesha nilichopata na nilikokipata. Kwenye blogu, chanzo ni kiungo ambacho msomaji anabonyeza na kukagua mwenyewe. Ukidanganya anajua hapo hapo.

Mwalimu anaweza kulifanya hili semesta nzima badala ya kusubiri furushi la wiki ya mwisho. Mwanafunzi aanze na swali moja la kwao: kwa nini soko lilihamishwa, nani alipanda ile miti, nyumbani miwa inalipa au hailipi. Wiki hii aweke swali, wiki ijayo alinganishe vyanzo viwili vinavyopingana, baadaye amhoji mzee au mama wa soko kwa ruhusa yao, kisha asome na kuhoji kazi za wenzake watatu. Mwisho ndiyo aandike kazi ndefu. Nikizungumza kama mwandishi mstaafu wa kuandikia wazungu, oda ya namna hii ningeikataa. Nitajuaje mama yako wa soko alisema nini, na nitawajibu vipi wenzako kila Alhamisi? Mashine inaweza kubuni hata mama wa soko, sikatai, lakini ni vigumu kumbuni mbele ya darasa linalonunua sukuma kwake.

Hata Kiingereza kinabadilika. Kile cha kuwasilisha chuoni huvaa suti na tai, kinazunguka kona tatu ndipo kiseme jambo. Ukijua binamu yako atasoma, unakata maneno.

Afrika Mashariki tumewahi kuona nguvu ya kitu hiki. Vurugu za baada ya uchaguzi zilipokuwa zinaendelea, Januari 2008, Ory Okolloh alitumia blogu yake, Kenyan Pundit, kuomba watu wasaidie kuonyesha kwenye ramani mahali mambo yalikuwa yanatokea. Hapo ndipo ikazaliwa Ushahidi. Tumeona pia udhaifu wake. Mwishoni mwa 2009 Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, na wanafunzi wa vyuo wakaandika nyingi. Zawadi zilipokwisha, wengi hawakurudi. Alama za CAT zitafanya hivyo hivyo kama hakuna msomaji halisi upande wa pili.

Kuna vikwazo ambavyo siwezi kuvipuuza. Bando ni pesa, na kuna komredi anayechagua kati yake na chapo madondo. Mhadhiri mwenye mamia ya wanafunzi hawezi kusoma blogu mamia kila wiki, kwa hivyo makundi ya watu watano yanaeleweka zaidi. Kisha kuna woga, na si woga wa bure. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alifariki akiwa mikononi mwa polisi Nairobi. Baada ya hapo mama yangu aliniuliza kama lazima jina langu liwe pale juu. Sikuwa na jibu zuri. Mwalimu anayeanzisha darasa kama hili lazima amruhusu mwanafunzi kutumia jina la kupanga hadharani na lake halisi kwa mwalimu pekee, na asimlazimishe yeyote kuchagua mada ya kumweka hatarini. Najua hapo nimejipinga, mimi niliyesema jina ndilo lililonichoma. Iko hivyo.

Lile langu bado liko pale juu. Mzee wa Rosterman naye hajaniachilia. Niliporekebisha ile makala nilidhani tumemalizana. Wiki iliyopita akarudi: "Sasa umesema Johnson alipata dhahabu. Kijana, nani alimwonyesha njia ya kufika huo mto?"

Nimeanza kuuliza.