Taa ya Oili katika Gari Kuukuu la Dizeli

Wasomaji wetu wa Mbwara na vijiji vya jirani wajua ya kuwa magari mengi yapitayo katika njia zetu ni makuukuu, na mengi yao ni ya dizeli. Hayo ndiyo yachukuayo ufuta na korosho mpaka barabara kuu, nayo ndiyo yampelekayo mgonjwa Hospitali ya Utete. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 hatungoji tena pantoni pale Ndundu. Lakini daraja halimfai mtu ambaye injini yake imekufa kabla ya kulifikia. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza habari ya presha ya oili. Taa ile nyekundu yenye sura ya kibirika ikiwaka, wengine huipuuza, na wengine hukimbilia kufungua injini nzima. Wote wawili hupata hasara.

Kwanza tufahamu kazi ya oili. Ndani ya injini mna mhimili mkubwa uzungukao, ambao mafundi huuita krenki, nao umeshikwa na beringi. Krenki na beringi havipaswi kugusana, maana kati yao hupita utando mwembamba wa oili iliyosukumwa na pampu. Utando huo ukikosekana, chuma husaga chuma, na kwa dakika chache tu injini hukwama. Tena, katika injini ya dizeli hewa hushindiliwa kwa nguvu kuliko katika ile ya petroli, hata beringi zake huchukua mzigo mzito zaidi.

Basi taa ikiwaka safarini, dereva na asimame mahali pa salama na kuzima injini mara moja. Gari likiwa mahali pa sawasawa, angoje kama dakika kumi, kisha achomoe kijiti cha kupimia, akipanguse, akirudishe, akichomoe tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, huenda sababu ni hiyo, kwa kuwa pampu hunyonya hewa. Ikiwa imepita alama ya juu wala hakuna aliyeiongeza, ainuse. Ikinuka dizeli, ajue dizeli imevuja ndani yake na kuifanya nyepesi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Lakini weusi peke yake si ugonjwa, maana oili ya dizeli hugeuka nyeusi upesi kwa masizi.

Oili ikionekana njema, bado si wakati wa kufungua injini. Taa ile huwashwa na swichi ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini, na swichi huharibika, hata waya wake huchubuka ukagusa chuma. Fundi na aitoe swichi, afunge geji mahali pake, apime injini ikiwa baridi, kisha apime tena ikiwa imepata moto. Mafundi wengi hukadiria ratli 10 kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Lakini kitabu cha gari lenyewe ndicho hakimu. Geji ikionyesha presha njema, dawa ni swichi mpya au waya.

Presha ikiwa ndogo kweli, tazameni namna yake. Ikiwa ndogo katika baridi na katika moto pia, shaka huelekea pampu, au valvu ya kupunguza presha iliyokwama wazi, au chujio lililo chini ndani ya sampu, ambalo huzibwa na tope la oili ya zamani, au na gundi ya gasketi iliyopakwa kupita kiasi. Ikiwa njema katika baridi na kushuka injini ipatapo moto, basi ama oili ni nyepesi mno, ama beringi zimelika na oili yakimbia katika nafasi zilizopanuka. Hapo ibadilishwe oili na filta kwanza, kisha ipimwe tena. Filta ya zamani ikatwe itazamwe: chembe za chuma zing'aazo ni habari za beringi. Na injini ikigonga chini, isiwashwe tena hata kidogo.

Wako wamwagao oili nzito ili taa izimike. Taa huzimika kweli, lakini beringi iliyolika haikupona. Na asubuhi oili hiyo huchelewa kufika inapohitajiwa. Beringi zikibadilishwa mapema, krenki huweza kuokoka. Zikiachwa, krenki huharibika pamoja nazo, na gharama huwa nyingine kabisa.

Twawashauri wenye magari wafuate taratibu hii: kijiti, geji, oili na filta, kisha sampu. Na fundi atakaye kufungua injini kabla ya kufunga geji, aulizwe kwanza amejuaje ugonjwa.