Nywele zikipungua, tafuta chanzo kabla ya kununua chupa

Mahindi yakishauzwa, fedha huzunguka. Katika vijiji vya Misima, wilayani Handeni, kama ilivyo kwingineko mkoani Tanga, sehemu ya fedha hizo huishia kwa msusi na katika maduka ya vipodozi. Kwa mwanamke ambaye nywele zake zimeanza kupungua, gharama huongezeka. Tuseme ananunua chupa moja ya mafuta ya kukuza nywele kwa Sh 10,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni Sh 120,000, fedha ambazo zingenunua mbegu na mbolea. Je, chupa hiyo inatibu nini?

Kupungua kwa nywele si ugonjwa mmoja, na kila chanzo kina tiba yake.

Chanzo kinachoonekana sana ni kusuka kwa kukaza. Nywele zikivutwa kwa muda mrefu, hasa kwa rasta nzito, mizizi hudhoofika na nywele za pembeni mwa paji la uso hunyonyoka. Hatari ni kubwa zaidi kwa nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha. Mvuto huo ukiachwa mapema, nywele huota tena. Ukiendelea kwa miaka, ngozi hufanya kovu, na hapo hakuna mafuta yatakayozirudisha.

Wengine hupoteza nywele nyingi miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua. Hizi kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya mwaka mmoja, bila dawa. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo pia hupunguza nywele. Vyote hutambuliwa kwa kipimo cha damu. Mapunye, ambayo huwapata zaidi watoto, ni fangasi na huhitaji vidonge vya kumeza.

Kwa wanawake ambao nywele za utosini hupungua polepole kwa sababu ya urithi, dawa yenye ushahidi ni minoksidili ya kupaka. Hata hivyo, matokeo huchukua miezi minne au zaidi, na faida hupotea mtumiaji akiacha. Mjamzito na anayenyonyesha hawashauriwi kuitumia.

Mafuta ya nyonyo na ya nazi hulainisha nywele na kupunguza kukatika, lakini haijathibitishwa kuwa huotesha nywele mpya. Aidha, mnunuzi aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi na usajili wa kipodozi. Tangu 2019 kazi hiyo iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Wasusi nao wana maslahi hapa. Mteja aliyepata kipara cha pembeni hasuki tena, na msusi amepoteza kipato cha miaka. Kichwa kikiuma au vipele vikitokea baada ya kusuka, nywele zimekazwa mno na zifumuliwe. Kusuka kwa kulegeza na kupumzisha nywele kati ya mitindo hakugharimu chochote.

Mwenye tatizo aanzie kituo cha afya. Likizidi, anaweza kupewa rufaa kwa madaktari wa ngozi. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Mkulima hanyunyizi dawa shambani kabla ya kumjua mdudu, na kichwani ni vivyo hivyo.