Mikataba na Ulaya: Wananchi Waulizwe Lini?

Swali la iwapo mikataba na mataifa ya Ulaya iamuliwe kwa kura ya maoni, yaani kura ambayo wananchi wote hujibu ndiyo au hapana juu ya jambo moja, huchukuliwa kuwa la Wazungu wenyewe. Lakini pwani ya Kilwa na Lindi ina sababu za kihistoria za kulitafakari, kwa kuwa mikataba iliyogeuza maisha ya watu wake ilifungwa bila wao kuulizwa.

Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alikubaliana na mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka kwa piastre 20, sarafu ya fedha ya wakati huo, kwa kila mtu. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikabidhi kampuni ya Kijerumani utawala wa pwani kuanzia mto Umba hadi Ruvuma, Kilwa na Lindi zikiwemo. Kampuni ilipokuja kushika madaraka mwaka huohuo, wenyeji waliipinga kwa silaha, na mawakala wake wawili wakauawa Kilwa Kivinje. Upinzani ulikuja baada ya mkataba kwa sababu kabla yake hapakuwa na mahali pa kuupeleka.

Leo mahali hapo ni Bunge, ambalo Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya Tanzania inalipa mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa, yaani kuthibitishwa ili iifunge nchi kisheria. Udhaifu wa utaratibu huo ni kwamba kwa kawaida mkataba hufika bungeni ukiwa umekwisha kusainiwa, hivyo wabunge huweza kuukubali au kuukataa bila kubadili neno.

Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Umoja wa Ulaya na Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaofahamika kama EPA, ulifuata njia tofauti. Kenya na Rwanda zilisaini Septemba 2016, lakini Tanzania ilisita, na Novemba mwaka huo Bunge lake liliujadili kabla ya nchi kusaini na kushauri usisainiwe. Mkataba ulidai asilimia 82.6 ya bidhaa za Ulaya, kwa thamani, ziondolewe ushuru hatua kwa hatua, ilhali bidhaa za Tanzania, kama nchi yenye maendeleo duni, zilikuwa tayari zinaingia Ulaya bila ushuru. Mvuvi wa pweza wa kisiwa cha Songosongo, Kilwa, asingepata soko jipya, huku serikali ikipoteza mapato ya forodha.

Je, kura ya maoni ingefaa zaidi? Wadenmark waliukataa Mkataba wa Maastricht wa Umoja wa Ulaya mwaka 1992 na kuukubali mwaka uliofuata baada ya kupewa misamaha, na Waairishi waliukataa Mkataba wa Lisbon, nao wa Umoja huo, mwaka 2008 wakarudishwa kupiga kura mwaka 2009. Mifano hiyo inaonyesha kwamba kura huweza kuleta masharti bora, lakini pia kwamba watawala wasioridhika na jibu huweza kuuliza tena. Aidha, kura hufaa pale swali linapokuwa moja na bayana, kama Zanzibar ilipoamua juu ya serikali ya umoja wa kitaifa Julai 2010, na si pale mkataba unapobeba maelfu ya viwango vya ushuru.

Kwa hiyo, mkataba unaohamisha mamlaka ya dola, mathalani kuunda shirikisho la kisiasa la Afrika Mashariki, unastahili kura ya wananchi wote, ilhali mikataba ya biashara ibaki kwa Bunge, kwa sharti kwamba rasimu itangazwe kwa Kiswahili na kujadiliwa kabla ya saini. Mwaka 2016 Bunge liliijadili EPA kabla ya saini ya Tanzania kwa hiari ya serikali. Kinachohitajika sasa ni sheria itakayoigeuza hiari hiyo kuwa wajibu.