Kamera ya Parokia: Tuanze na Lenzi



Parokia nyingi siku hizi zina kamati ya mawasiliano, na swali linaloletwa mapema kwenye kikao cha Halmashauri ya Walei ni hili: tununue kamera gani? Jibu hutafutwa kwa kulinganisha majina: Canon, Sony, Nikon, Fujifilm, Panasonic. Makala hii inapendekeza njia nyingine. Tuulize kwanza mpigapicha atasimama wapi wakati wa Misa. Jibu hilo litatuonyesha lenzi inayohitajika, na lenzi itatuongoza kwenye kamera. Fedha inayotumika ni matoleo ya waamini, kwa hiyo inafaa tuelewe tunachonunua.

Liturujia inasemaje?

Hati Eucharisticum Mysterium, iliyotolewa Roma tarehe 25 Mei 1967, katika namba 23 inataka maadhimisho ya liturujia, hasa Misa, yasivurugwe na upigaji picha. Penye sababu ya kweli ya kupiga, ifanyike kwa staha kubwa na kwa kufuata taratibu za askofu wa mahali.

Wengi wetu tumeona kinyume chake. Askofu anamwekea mikono shemasi anayepewa daraja ya upadre, na tayari wapigapicha watatu wamepanda altareni. Mama mzazi wa padre mpya, aliyesubiri siku hiyo kwa miaka mingi, anaona migongo ya wapigapicha. Mara nyingi chanzo si utovu wa adabu. Mwenye lenzi fupi hana namna ya kuipata picha ile ila kusogea karibu. Hivyo uchaguzi wa lenzi unagusa moja kwa moja heshima ya ibada.

Kamera isiyo na kioo ni ipi?

Kamera za DSLR zina kioo kidogo mbele ya sensa. Kioo hicho hupeleka mwanga kwenye kitundu cha kuchungulia, na unapobonyeza kitufe hunyanyuka kupisha mwanga ufike kwenye sensa. Sehemu kubwa ya ule mlio unaosikika hutokana nacho. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa Lumix G1, ambayo haikuwa na kioo hicho. Sony ilitoa A7, yenye sensa kubwa, mwaka 2013. Mwaka 2018 Canon na Nikon zilileta mifumo yao mikuu ya leo, EOS R na Z.

Kwa matumizi ya kanisani, kamera hizi zina faida tatu. Kwanza, nyingi zina shata ya kielektroniki isiyotoa mlio wowote, hata wakati wa mageuzo. Pili, unaiona picha jinsi itakavyotoka kabla hujabonyeza. Tatu, fokasi hufuata uso na jicho la mtu hata wakati wa video.

Kuna tahadhari moja. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazoutumia hupepesa mara 100 kwa sekunde ingawa macho hayaoni. Shata ya kielektroniki inaweza kuacha michirizi ya giza kwenye picha. Tumia mwendo wa shata wa 1/50 au 1/100, kisha upige picha za majaribio kanisani kabla ya siku yenyewe.

Ukubwa wa sensa

Sensa ndiyo inayopokea mwanga. Sensa ya fremu kamili ina milimita 36 kwa 24. Ya APS-C ina karibu milimita 23 kwa 15. Ya Micro Four Thirds ni ndogo zaidi, karibu milimita 17 kwa 13. Sensa kubwa hufanya kazi vizuri zaidi gizani, lakini lenzi zake kwa kawaida ni nzito na ghali. Kwa parokia nyingi APS-C inatosha. Picha za kalenda, za mtandaoni na za kutundika ofisini hazidai zaidi ya hapo.

Lenzi: namba mbili za kuzielewa

Namba ya kwanza ni urefu wa lenzi kwa milimita. Hesabu yake ni rahisi: zidisha umbali kwa upana wa sensa, kisha gawanya kwa urefu wa lenzi. Tuseme mpigapicha yuko kwenye roshani ya kwaya, mita 20 kutoka altareni, na kamera yake ni ya APS-C. Akitumia lenzi ya milimita 50 ataona upana wa mita 9 hivi, yaani altare nzima na watumishi wake. Picha ya Askofu na mtu mmoja aliyepiga magoti inahitaji upana wa mita 2 na kitu, na kwa umbali huo anahitaji lenzi ya milimita 200.

Namba ya pili ni ile inayoanza na f, nayo hupima uwazi wa tundu la lenzi. Kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo tundu lilivyo kubwa na mwanga unaoingia ulivyo mwingi. Lenzi ya f/2.8 huingiza mwanga mara 4 ya lenzi ya f/5.6. Ikiwa ya kwanza inakuruhusu ISO 1600, ya pili itakulazimisha kwenda ISO 6400, na picha itajaa chengachenga.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Zumu ndefu za bei nafuu, mfano Canon RF-S 55-210mm, zikivutwa mwisho hubaki na f/7.1, na makanisa mengi ni ya giza kwa lenzi hiyo. Zumu za 70-200mm zenye f/2.8 zinafaa sana, lakini bei yake inaweza kuzidi ya kamera yenyewe.

Suluhisho la gharama ndogo ni kupunguza umbali kwa utaratibu. Paroko na msimamizi wa liturujia wakimtengea mpigapicha kiti kimoja pembeni, mita 10 kutoka altareni, lenzi ya milimita 85 yenye f/1.8 au f/2 itampa upana wa karibu mita 2.7. Canon, Sony na Nikon zote zinazo lenzi za namna hiyo. Atapiga akiwa ameketi, bila mweko na bila kumziba mtu. Kiti kimoja kilichokubaliwa kimeokoa fedha nyingi.

Kwa matukio ya kawaida, kama semina, mikutano ya jumuiya ndogondogo na picha za familia baada ya ndoa, inatosha zumu fupi yenye f/2.8. Sigma 18-50mm ni ndogo na nyepesi. Tamron 17-70mm ni kubwa zaidi, ila ina kitulizaji cha mtikisiko.

Video ina madai yake

Waamini wagonjwa wanaofuatilia Misa wakiwa nyumbani watavumilia picha ya wastani, lakini homilia isiyosikika haitawafaa. Usitegemee maikrofoni iliyo ndani ya kamera. Chukua sauti kwenye mikisa ya kanisa, ila ipunguzwe kwanza, kwa sababu ni kali kuliko ile ambayo tundu la maikrofoni linatarajia na itakwaruza. Kamera yenye tundu la hedifoni husaidia kugundua tatizo mapema.

Kisha ipo nafasi ya kuhifadhi. Video ya 4K kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa, hivyo Misa ya saa mbili itahitaji GB 90. Nunua kadi zenye alama ya V30 na betri za akiba. Uliza pia kama kamera ina kikomo cha muda wa kurekodi. Baadhi ya zile za miaka ya nyuma, kama Canon EOS M50, husimama zikikaribia dakika 30. Stendi ya miguu mitatu iliyo imara si anasa. Bila hiyo hata kamera bora hutoa video ya kuyumbayumba.

Kamera tatu kwa mfano

Canon EOS R50, ya mwaka 2023, ni nyepesi, ina kitundu cha kuchungulia na ni rahisi kwa anayejifunza. Haina tundu la hedifoni.

Sony ZV-E10, ya mwaka 2021, imelenga video. Ina matundu ya maikrofoni na hedifoni, na lenzi zinazoingiliana nayo ni nyingi sana. Haina kitundu cha kuchungulia, kwa hiyo kwenye maandamano ya Ekaristi juani kioo chake cha nyuma huonekana kwa shida. Ikirekodi 4K kwa muda mrefu huweza kupata joto na kuzima.

Fujifilm X-S20, ya mwaka 2023, ina kitulizaji ndani ya kamera, betri kubwa na matundu yote mawili ya sauti. Ni ghali kuliko hizo mbili.

Ukinunua kamera iliyotumika, angalia mlango wa lenzi. Lenzi za EF-M za Canon haziingii kwenye kamera za EOS R. Lakini kama parokia ina lenzi za zamani za EF, kiunganishi cha Canon kitaziwezesha kufanya kazi kwenye EOS R, na hapo kinachobaki kununuliwa ni kamera tu.

Kabla ya kulipa

Kwa bajeti moja, parokia inaweza kupata kamera ya fremu kamili yenye lenzi ya kawaida, au kamera ya APS-C pamoja na lenzi ya milimita 85, stendi na vifaa vya sauti. La pili litaihudumia vizuri zaidi.

Ndugu mseminari, kesho utakuwa paroko na hati ya malipo italetwa mezani kwako. Kabla ya kuisaini, ingia kanisani na futi ya kupimia, mwite mpigapicha wako, mkubaliane mahali atakapoketi. Pimeni kutoka hapo hadi altareni, fanyeni hesabu, ndipo muende dukani.